Bonde la Mama Mkwe

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekasirika. Naanza na hilo nisije nikalisahau nikishashiba.

Leo Injinia Hadassa kafanya mkutano katika darasa la shule, hapa Kamina. Binti wa Lubumbashi, miwani mikubwa. Katumwa na Mradi wa kulinda bonde la Lwamisi, kule milimani. Kasema mto unakauka, miti inaisha, na hakuna anayejua kama nzohe bado wapo. Nzohe ni swala wa kwenye matete, mwenye kwato ndefu, anayejificha majini mpaka puani. Akionekana, Mradi utabaki na bonde litalindwa. Asipoonekana, Mradi utafunga mizigo, na malori ya makala, yaani mkaa, yataingia mpaka kwenye chemchemi.

Kisha kasema anatafuta mlinzi mkuu. Buti. Kofia yenye nembo. Pikipiki nyekundu!

Kamina nzima inajua anayefaa. Marehemu baba yangu alikuwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni. Alisimamisha treni kwa filimbi. Mtoto wake atashindwaje na swala? Tena nilikuwa nimevaa kofia yake ya gare, watu wakumbuke. Sasa nani mwingine akanyoosha mkono? Feruzi. Jirani yangu Feruzi, muuza vitenge, mtu wa ukoo wa Maniema, ambaye majani anayoyajua ni yale yaliyochorwa kwenye vitambaa vyake.

Hadassa akaamua tushindane. Ukingo wa kushoto wa mto ni wangu, wa kulia ni wake. Kuna mashine zimefungwa mitini, zinapiga picha zenyewe kila kinachopita. Baada ya wiki mbili tutazitazama mbele ya watu wote. Ukingo wenye wanyama wengi na watu wachache, mwenyewe njo atakuwa mlinzi mkuu. Feruzi akauliza kama mashine inalishwa. Watu wakacheka kwa upendo. Ningeuliza mimi wangenitoa nje.

Tatizo moja sikulitaja. Njia ya kwenda ukingo wangu inapita kijijini kwao mke wangu, kwenye madimbwi ambamo Mama Mkwe anaroweka mihogo yake.

Jumatano, 13 Agosti

Hadassa hajui habari ya buko. Hakuna aliyemweleza, na mimi si mjinga wa kuanza. Mama wa mke wako humwangalii usoni. Huli mbele yake. Jina lake hulitamki, hata hapa siliandiki. Mkikutana njiani, weye njo unaingia majanini mpaka apite, naye anageuza uso kama hajaona kitu. Ni heshima. Nimeishika tangu nimuoe Marthe, na sijalalamika, isipokuwa leo.

Nimefika bondeni na kinga, baiskeli yangu, napiga pedali, naimba. Kona ya kwanza: Mama Mkwe, beseni kichwani. Nikaitupa kinga, nikaruka majanini. Majani yenyewe ni upupu.

Mtu mwenye huruma angepita haraka. Yeye akatua beseni. Akakaa juu ya jiwe. Akamwita jirani yake, wakaanza kuzungumza habari za wakwe, huyu wa huyu na yule wa yule. Akasema Marthe alikuwa ametakiwa na mwalimu wa Kaniama, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mimi nawashwa mpaka kwenye kope. Nikajikuna kidogo tu. Mama Mkwe akamuuliza mwenzake ni mnyama gani huyo anayetikisa majani, labda nguruwe. Mwenzake akarusha jiwe. Anajua kulenga.

Nyumbani Marthe amenipaka majivu huku anacheka. Kasema tena neno lake la siku zote: peleka mbuzi na kitenge, ule na mama sahani moja mbele ya wazee, buko iishe, utembee kama mtu. Wenzako wamefanya. Nimemwambia niko katika mambo ya mazingira, sina nafasi ya kufikiria mbuzi.

Ijumaa, 15 Agosti

Akili ni mali. Nzohe wanapenda chumvi, kila mtu anajua. Nimechukua chumvi yote ya jikoni, nikainyunyiza mbele ya mashine yangu, nikajificha nyuma ya kichuguu. Nyuma ya kichuguu hicho kuna tanuri langu la makala. Ni dogo, la matumizi ya nyumbani na majirani na soko. Nikiwa mlinzi mkuu nitalipatia ruhusa maalum.

Hawakukawia. Nikasikia kwato. Nikaitengeneza kofia ya baba. Wakatokea mbuzi. Mbuzi wote wa kijiji, mbele yao beberu mmoja mnene mwenye sikio lililochanika, anatembea kama diwani. Mbuzi wa Mama Mkwe! Na mbuzi wa mama mkwe humpigi jiwe, humfokei, maana ni kama umemfokea mwenyewe, utalipishwa kuku na aibu. Kwa hiyo nimekaa pale, shefu wa ukingo wa kushoto, nikiwaomba kwa sauti ya chini waondoke. Walilamba chumvi yote, kisha beberu akalamba mashine, kisha akanilamba mimi.

Ndipo mwenye mbuzi akaja kuwatafuta. Upupu tena.

Jioni sombe, mboga ya majani ya mihogo, haikuwa na chumvi. Marthe akauliza. Nikasema panya.

Jumapili, 17 Agosti

Nimesikia neno baya kuliko dhambi zote zilizosomwa leo kanisani. Feruzi amembebea Mama Mkwe beseni lake la mihogo. Kamvusha mto mpaka ukingo wa kulia, ambako kuna dimbwi safi zaidi. Wamesalimiana kwa mkono. Wamecheka. Mama Mkwe kampa karanga.

Karanga! Mimi niliyemzalia wajukuu sijapata hata ganda moja kutoka mkono ule. Najua buko haimruhusu. Bado.

Nimemfuata Feruzi dukani kumweleza kwamba hiyo ni rushwa. Akanikaribisha chai. Akasema kwao mama mkwe ni mama, anamsalimu, anakaa naye, Ijumaa wanakula sahani moja na mkewe Asma. Nikaiwaza hiyo sahani. Nikakataa na chai. Akanifungia maandazi ya kumpelekea Marthe kwa upole wake ule, na mimi nimeyala njiani kwa hasira.

Jumanne, 19 Agosti

Mpango huu ni wa kiume. Ukingo wangu una wachoma makala wengi, na mashine inawaona. Wote ni watu wa kwetu: Mwepu, Kitwa na wengine, waliooa kwa Mama Mkwe na kwa dada zake. Kijiji kile kina mabinti wengi, na kila aliyeoa pale kaachiwa mti wa kuchoma. Sisi sote ni wakwe. Tumeunyonyoa mlima ule pamoja kama kuku wa sikukuu.

Nimewaita wote. Nimewaambia kwa huruma kwamba Mama Mkwe anazunguka ukingo wa kushoto kila siku, na wa kulia ni salama, mtu atachoma makala mpaka azeeke. Wakahama mchana huohuo, magunia begani. Nawaza uso wa Feruzi siku ya picha: moshi mtupu! Mwepu akauliza mbona tanuri langu linabaki. Nikamwambia linabaki kwa uchunguzi.

Alhamisi, 21 Agosti

Mwepu kaja nyumbani kunitukana. Kwa nini? Kwa sababu Mama Mkwe sasa anaroweka mihogo ukingo wa kulia, kule alikovushwa na mpendwa wake Feruzi. Kumbe na mimi nilisahau, nitafanyaje. Kila wakiwasha tanuri, yeye huyo, beseni kichwani, anakohoa ili wakwe wampishe, kama desturi inavyotaka. Wanatupa magunia wanaruka. Kitwa karukia mtoni na hajui kuogelea. Walimtoa na matete mdomoni. Mwepu kasema, “Minyi nilikuamini, Lucien, kumbe weye njo mubaya kuliko upupu.” Nimemwambia asilete chuki katika kazi ya uhifadhi.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha zaidi. Siku zinakwisha, na mashine yangu haijaona mnyama ila mbuzi. Bila nzohe sina pikipiki. Nzohe akikataa kuja, basi lazima aletwe.

Nina blanketi la kahawia kutoka soko la Base, kambi ya jeshi, lile wanalouza wake za askari. Michirizi myeupe nimeichora kwa unga wa mahindi, maana nzohe ana michirizi. Pembe ni vijiti vilivyopinda. Mchana huu nimepita mbele ya mashine kwa magoti na mikono, taratibu, naangalia huku na huku kwa woga wa kifalme. Nilikuwa nzohe kabisa. Nikainamisha kichwa ninywe maji.

Mbuzi walinusa unga. Yule wa sikio lililochanika akafika wa kwanza, akaanza kulamba michirizi mgongoni, wengine wakashika pembeni. Ukisimama, mashine itaona mtu. Usiposimama, unaliwa. Katikati ya mawazo hayo nikasikia kikohozi.

Mama Mkwe alikuja kufuata mbuzi wake. Hapakuwa na majani karibu. Nikalala kifudifudi chini ya blanketi, chini ya mbuzi. Akasimama. Akageuza uso kwa adabu, akauambia mti kwamba ameishi bonde hili tangu kuzaliwa, na nzohe wengi amewaona, ila huyu ni wa kwanza kumwona amevaa kofia ya gare.

Nilisahau kuivua.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimetulia. Nimefikiri vizuri. Mashine haina akili, itaona blanketi na michirizi, nani atatazama kofia? Ushindi ni wangu.

Nimemwendea Hadassa, nikamwambia siku kubwa kama kesho inahitaji mtu wa kutangaza mshindi kwa kipaza sauti, mtu wa heshima, aliyezoea vyombo. Hicho cha kanisa nimekiazima. Nilitaka jina langu lisikike mpaka mlimani, na hakuna anayelitamka vizuri kama mimi. Hadassa alifurahi. Kasema nina moyo wa kujitolea. Feruzi aliyekuwa pale kasema ni kweli. Mnafiki.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika yote.

Walifunga shuka jeupe uwanjani kijijini, wakawasha jenereta na mtambo wa kuonyesha picha. Watu wote walikuja. Mama Mkwe kakaa na wanawake upande ule, mgongo kwetu nusu. Sisi wakwe tumejibana upande huu, nyuma ya ngao za migongo ya wenzetu. Mimi jukwaani, kipaza sauti mkononi, kofia ya baba imepigwa brashi.

Kwanza ukingo wangu. Mbuzi. Mbuzi. Mimi narukia majani. Mbuzi. Mimi tena, najikuna. Tanuri langu, kumbe kichuguu hakilifichi vizuri. Makalio ya mtu kwenye upupu, watu wakabisha ni ya nani, Marthe akasema anayajua. Halafu blanketi. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Hadassa alivua miwani akaifuta, akavaa tena, akauliza kwa upole kama hiyo ni kofia. Nikasema kwa kipaza sauti kwamba jenereta linaharibu picha.

Kisha ukingo wa Feruzi. Nilijiandaa kuona moshi. Nikaona Mwepu na gunia. Picha inayofuata, Mama Mkwe anapita na beseni. Inayofuata, gunia peke yake, Mwepu hayupo. Kitwa anawasha moto. Mama Mkwe. Moto peke yake, na miguu ya Kitwa inaingia mtoni. Kila picha hivyo. Watu wanakuja, yeye anapita, watu wanatoweka.

Na picha ya mwisho. Gunia la Mwepu limeanguka kando ya maji, na juu yake, akilivuka kwa zile kwato ndefu, nzohe jike. Nyuma yake mtoto wake, bado mdogo, shingo imelowa.

Hata jenereta nililisahau. Niliwahi kumwona mmoja nikiwa mdogo, baba aliponibeba kwenye treni ya mizigo, ikapunguza mwendo darajani, akanyoosha kidole. Nilidhani wameisha. Niandike wazi, nilifurahi sana, mpaka nilipokumbuka ni ukingo wa nani.

Hadassa akauliza kwa nini wanaume wanakimbia wakimwona mama huyu. Feruzi akasimama akamweleza buko, yote, na kwamba wachoma makala wa bonde lote ni wakwe wa mama huyu au wa dada zake. Hadassa alicheka mpaka akakaa. Alipopata pumzi akasema yeye amefikiria walinzi, uzio, tochi, faini, na hapa kuna mtu ambaye akienda tu kuroweka mihogo, bonde linakuwa tupu na nzohe anakuja kunywa. Akamuuliza Feruzi kama atakasirika. Feruzi akasema hata yeye angempigia kura. Halafu Hadassa akanisogelea, akaninong'oneza jina la mlinzi mkuu, nilitangaze.

Jina lenyewe! Sikioni mwangu!

Nilisimama na kipaza sauti. Watu wananitazama. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Hadassa akadhani sikusikia, akalirudia. Nikafungua mdomo, nikatangaza kwamba mlinzi mkuu ni… Nikasema ni mtu. Ni mtu wa kike. Ni mama wa mtu ambaye ni mke wa mtu aliyesimama hapa. Mwepu akapaza sauti kutoka nyuma nimtaje basi, mshenzi yule, naye asingeweza. Jasho likaingia machoni. Nimemwona Marthe akijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

Feruzi akapanda, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akalitaja. Majina yote mawili, na la ukoo, mlima ukaitikia.

Mama Mkwe akasimama kama mtu aliyechelewa kuitwa. Akasema ameanza zamani kulilinda bonde hili dhidi ya wakwe zake, bila buti, na sasa akipewa buti watamjua. Akaanza kuja jukwaani. Wakwe wote wakatawanyika kama mchele uliomwagika. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa, sina majani. Nikaingia nyuma ya shuka. Taa ya jenereta ilikuwa inaangaza upande ule, kivuli changu kikaonekana na watu wote, kimechuchumaa, kimevaa kofia.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekasirika kuliko Jumatatu ya kwanza.

Mama Mkwe anazunguka bonde lote, kushoto na kulia, buti mpya, kofia yenye nembo juu ya kilemba. Pikipiki nyekundu hajui kuiendesha. Nani anaiendesha? Feruzi! Yeye mbele, Mama Mkwe nyuma na jembe. Unasikia mlio wake kutoka mbali, na wachoma makala wameacha kazi, maana mtu hawezi kuishi maisha yake yote kwenye upupu. Kitwa sasa analima mihogo huku Kamina. Tanuri langu limebomolewa. Juu yake Mama Mkwe kapanda mche wa mninga. Wanasema nzohe ameonekana tena mara mbili, hata upande wangu. Sasa njo anakuja, nilipomwita kwa chumvi alikuwa wapi?

Hadassa kanionea huruma. Kasema niwe mlinzi mdogo wa ukingo wa kushoto. Kuna kofia, ndogo, lakini ina nembo. Sharti moja: kila asubuhi nisimame mbele ya mlinzi mkuu, nimtazame, nimpe habari za bonde.

Marthe akasema si nilikuambia. Peleka mbuzi na kitenge, mule sahani moja, buko iishe, uipate kazi. Tangu siku ya ndoa anasema, na leo nimeona kwamba maneno haya, kama ningekuwa nimeyasema mimi, yangekuwa ya busara.

Kitenge Marthe anacho. Mbuzi sina, lakini nimekwisha kupata wazo, na nashangaa sikulipata mapema. Kule ukingo wa kushoto kuna mbuzi wanazurura bila mtu. Chumvi kidogo tu, wanakuja wenyewe. Yule beberu mnene ananipenda, amenilamba mara mbili. Sikio lake lililochanika linaweza kumtambulisha kwa mwenye kuangalia sana, ila siku hiyo nitamvalisha kofia ya baba. Mama Mkwe hatajua kitu. Mashine bado imefungwa mtini pale pale, nimeipita leo nikienda kupima kichwa cha mbuzi, nikaipungia mkono.